Mwonja Kahawa

Walinitaka niseme neno, Ndekirwa.
Mchungaji alinipa dakika tano
kama natangaza mnada wa mahindi.
Nikakataa. Akasema Eliringia,
akasema vizuri, suti imembana mabegani,
akakuita mhimili, akakuita taa ya ukoo.
Mimi pale kitini nikawaza: mhimili gani huyu
aliyefyonza supu mpaka paka akakimbia jiko?

Maana ndiyo iliyokuwa kazi yako.
Miaka thelathini na mitatu kule mjini Moshi,
koti jeupe, kijiko cha fedha,
vikombe arobaini juu ya meza inayozunguka:
unafyonza, fyuuu, unatema,
unaandika, unasogea.
Kahawa ya Mamba, ya Rombo, ya kwetu Kidia,
jasho la mwaka mzima kwenye kijiko kimoja,
na hukumeza hata tone.
Nyumbani ulikunywa chai. Ya rangi. Bila sukari.

Ulipokuja kuposa, mama alikupa mtori.
Wajomba wametega masikio, wanangoja sifa.
Ukafyonza, ukafumba macho, ukasema,
"Ndizi zimekatwa siku mbili mapema."
Hata kuku walinyamaza.
Kisha mama akacheka hadi akashika ukuta.
Mchukue huyu, akaniambia,
huyu hatakudanganya.

Hakuniambia kwamba asiyedanganya
ni kiatu kipya, kila siku
kinakung'ata mahali pengine.
Sauti yangu ya kwaya uliipa daraja la tatu.
Mwaka ule bei ilipoanguka,
watu waking'oa mibuni wapande nyanya,
ulimwambia kaka yangu mbele ya wageni
kwamba kahawa yake inanuka gunia.
Hakukanyaga kwetu miaka miwili.
Siku moja alfajiri ukatoka bila kuniaga
na jani la sale mkononi,
ukasimama kwenye uzio wake, mvua inakupiga.
Hukusema kahawa ile ilikuwa nzuri.
Hilo lisingekutoka.
Ulisema, "Shemeji, nilikosea mahali pa kusemea."

Kwa wajukuu, lakini, ulikuwa mtu mwingine.
Ndeshi alikupikia uji wa matope
kwenye kifuniko cha ndoo.
Ukaonja. Naapa, niliuona ulimi.
Ukatema pembeni kwa adabu zote za kazi,
ukamwandikia kiganjani kwa kalamu ya wino:
Daraja la Kwanza.
Nilikuwa dirishani, mwanamke wa miaka sitini na minne,
na niliona wivu.

Julai, ukungu hautoki kwenye migomba,
dawa zikakunyang'anya ulimi.
"Mama Eliringia, kila kitu ni karatasi."
Ukaniomba nikukaangie kahawa.
Wewe!
Nikachuma kwenye ule mbuni wa nyuma ya choo,
nikakoboa, nikaanika, nikakaanga, nikatwanga,
siku zikapita nikiogopa utaondoka nayo haijaiva.
Nikakushika kichwa. Ukafyonza kidogo,
sauti ya mtoto anayenyonya.
Nikasogeza beseni.
Ukameza.
"Daraja la ngapi?" nikauliza.
Ukafikiri sana, kama mnada mzima unakungoja.
"Sijui. Ni ya moto. Niongeze."

Jana ilikuwa zamu yetu ya maji.
Nilichukua jembe lako, nikafungua mfongo mwenyewe,
maji yakapita kando ya kaburi
bila kusimama, yana kazi zao.
Nikarudi nikapika mtori.
Ndeshi akavuta kijiko, fyuuu,
mama yake akainua mkono amkanye.
"Mwache," nikasema.
Mtoto akafumba macho.
"Bibi, umesahau chumvi."

Wote mezani walikuwa wameshamaliza bakuli,
wamenishukuru, wamejifuta midomo.